TAHARIRI: Vita vya Busia na Tororo visimuliwe pale vilipopiganwa

Mgeni anayezuru Taveta huweza kupata mtu wa kumpeleka hadi kilima cha Salaita na kumwonyesha mahali ambapo, tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Waingereza, wengi wao wakiwa askari kutoka Afrika Kusini, lilitimuliwa na Wajerumani. Hilo ni jema. Lakini mtoto wa Busia anaweza kumaliza shule akiwa amevuka mpaka mara zisizo na idadi, asipate hata siku moja mtu wa kumwambia kwamba Desemba 1987 majirani walipigana risasi hapo hapo. Vita vya wageni tunavionyesha kwa fahari. Vyetu wenyewe tumeviachia minong'ono. Gazeti hili linasema wazi: huo ni uzembe, na wenye dhamana ya kuuondoa wanajulikana.

Historia yenyewe haina uchache. Tarehe 2 Machi 1979, Idi Amin akiwa ameelemewa na majeshi ya Tanzania kusini, wapiganaji wa Uganda waliomuunga mkono Milton Obote waliingia kutoka Kenya na kuuvamia mji wa Tororo. Walitaka silaha, na walitaka kuwasha uasi mashariki. Sehemu ya askari wa kambi ya Tororo iliasi na kujiunga nao. Askari waliobaki na Amin walijibu kwa nguvu, ndege za kivita zikiwa mbele, na kufikia tarehe 4 waasi walikuwa wamesambaratishwa. Kampala ilianguka Aprili 11, majuma matano tu baadaye.

Miaka minane ikapita, kukawa hakuna amani bado. Mwaka 1987 waasi wa Alice Lakwena walipitia eneo la Tororo wakielekea Jinja, wakashindwa, naye akakimbilia Kenya. Desemba mwaka huo huo, serikali za Nairobi na Kampala zikishutumiana kuwahifadhi wapinzani, bunduki zililia Busia. Watu walikufa, mpaka ukafungwa, na familia zenye ndugu pande zote mbili zikatenganishwa. Marais Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walilazimika kukutana Malaba kuutuliza moto huo.

Tunachotaka ni historia hii isimuliwe kwa msafara wa kuongozwa. Kwa nini msafara, na si kitabu pekee? Panda mwamba wa Tororo hadi juu, na mtu anayejua historia awe kando yako. Chini yako ni mji. Ukitazama mashariki, nchi ya Kenya iko karibu. Hapo ndipo utaelewa jinsi umbali ulivyokuwa mfupi kati ya maficho na mapambano. Utaelewa pia hali ya mchuuzi au mama aliyekuwa sokoni ndege zilipokuja, ambaye hakuwa mfuasi wa Amin wala wa Obote. Mafunzo ya namna hiyo huingia kwa macho na miguu.

Wajibu ni wa nani? Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti makumbusho na utalii wa ndani, kwa hiyo Kaunti ya Busia haiwezi kuisukumia Nairobi kazi hii. Uganda ina sheria yake ya makumbusho na minara ya kumbukumbu ya mwaka 2023. Wilaya za Tororo na Busia ziitumie. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika utalii na utamaduni. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Busia Februari 2018. Njia ya kuvukia ipo. Kilichokosekana ni nia.

Hata hivyo, msafara wa hovyo ni hatari kuliko kimya. Waongoza wageni wafunzwe na walipwe, watoke pande zote mbili, na wasikabidhiwe simulizi ya kusifu jeshi lolote. Waanze na raia na askari wa kawaida kabla ya kufika kwa majenerali. Wasiruhusiwe kutaja kabila kuwa chanzo cha maovu, kwa maana Wateso na Wasamia wana ndugu ng'ambo zote. Ushahidi wa wazee unaswe kwa ridhaa yao, katika lugha wanazozizungumza nyumbani, na aliyefiwa asigeuzwe maonyesho. Kambi za jeshi zinazotumika ziheshimiwe, na wanafunzi waonywe wasiguse chuma chochote wasichokijua.

Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuenziwa sawa na wenzao Wazungu. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini wa kuilaumu London ni nani, iwapo wafu wa Tororo na Busia, waliokufa mikononi mwetu, tunawanyima hata simulizi?

Desemba 2027 itatimia miaka 40 tangu mapigano ya Busia. Machi 2029, miaka 50 tangu yale ya Tororo. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati huo atakuwa mzee wa miaka 70. Tunaitaka Kaunti ya Busia na wilaya jirani za Uganda ziunde kamati moja ya pamoja, ziweke fedha katika bajeti, zirekodi mashahidi, na wanafunzi wa pande zote mbili waanze kutembezwa pamoja kabla ya tarehe hizo. Kiongozi atakayengoja hadi mashahidi wawe wamezikwa atakuwa amewazika wafu wetu mara ya pili, na hatutasita kumtaja kwa jina.