Nauli Peke Yake Haiendeshi Basi

Ndugu wananchi, wako wasemao kuwa mabasi ya Dar es Salaam hayatuhusu sisi wa Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma. Hao wanakosea. Korosho zetu hulipa ushuru, na gesi ya Mnazi Bay yapita kwenye bomba la Dar es Salaam tangu mwaka 2015. Kodi zake huingia Hazina, na mkopo wa Benki ya Dunia uliojenga njia za mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ni deni la Taifa zima. Mlipaji ana haki ya kuuliza.

Swali letu ni hili: nauli isipotosha, pengo hulipwa na nani?

Mwaka 1970 Serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, na mwaka 1974 ikaundwa UDA. Nia ilikuwa njema, mfanyakazi afike kazini kwa nauli aimuduyo. Lakini nauli iliwekwa chini, mafuta yakapanda bei, spea zikataka fedha za kigeni, na hapakuwa na fedha za kutosha kuziba pengo. Magari yakalala gereji. Mwaka 1983 ikabidi watu binafsi waruhusiwe, na daladala zikatawala mji.

Leo pengo lile lile amebebeshwa mtoto wa shule. Serikali imempangia nauli nafuu, na hiyo ni haki yake. Bali tofauti yake harudishiwi mwenye gari. Konda, ambaye jioni hudaiwa hesabu na tajiri wake, akiona sare kituoni humwambia dereva twende. Atoaye amri ya nauli nafuu bila kuilipia atoa sadaka kwa mfuko wa mwenzake.

Watasema basi lijiendeshe kwa nauli. Mbona barabara haiambiwi hivyo? Tangu mwaka 1998 Mfuko wa Barabara hulishwa na tozo ya mafuta, na hakuna adaiye faida kwa lami. Sisi wa Kusini twajua mwisho wa hesabu ya faida tupu: reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga za wakoloni, karanga zikashindwa, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Msafiri hakuwamo katika hesabu ile.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, Hazina imlipe mwenye gari tofauti ya nauli kwa kila mwanafunzi aliyebebwa, Dar es Salaam na Mtwara sawasawa. Pili, halmashauri zitenge sehemu ya ushuru wa mazao kwa basi la kupeleka watu wa vijijini shuleni na Hospitali ya Ligula, hata siku abiria ni wachache. Tatu, hesabu zibandikwe hadharani katika ofisi za kata, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu mwanachama, mkutano wa kijiji ukiitishwa, nenda ukaulize. Kodi umeshalipa. Sasa dai basi.