Wewe Uliyefowadi Tu, Nina Neno Nawe

Leo siandiki siasa wala mpira. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa maneno mawili: "Nimefowadi tu."

Hayo ndiyo maneno anayojitetea nayo kila mtu pale uchafu unaomhusu mtoto wa mwenzake unapokutwa kwenye simu yake. Siyo mimi niliyetunga. Siyo mimi niliyepiga picha. Nimeikuta kwenye grupu, nikaipeleka kwenye grupu lingine, basi. Mwalimu anasema hivyo, muuguzi anasema hivyo, mwanakwaya anasema hivyo, na sisi tuliosoma tunasema hivyo hivyo ila kwa Kiswahili chenye tai shingoni. Mimi nasema huyo wa "tu" ndiye mwenye mzigo mkubwa. Aliyetunga ni mmoja. Walioifikisha mpaka kwa mama mzazi wa binti ni mamia.

Watu wa Dar wakisikia unyanyasaji wa mtandaoni, wanamfikiria mtu asiyejulikana, mwenye jina bandia, anayemtukana msanii Instagram. Yupo, wala simtetei. Lakini toka Dar, pita Mikumi, kata kushoto kuelekea Kidatu, yapite mashamba ya miwa, nenda mpaka Ifakara. Huo ni mji, una halmashauri yake, una hospitali kubwa ya Mtakatifu Fransisko, reli ya TAZARA inapita, vyuo vipo. Ila bado ni mji ambao watu wanaulizana "wewe mtoto wa nani?" na jibu linapatikana.

Sasa chukua mfano. Natoa mfano tu, simsemi mtu. Binti wa kidato cha tatu, kuna skrinishoti imetoka inayodai amepimwa na kukutwa na virusi. Nani kaitengeneza, Mungu anajua. Saa kumi jioni iko kwenye grupu la darasa. Saa mbili usiku iko kwa bodaboda wa Kibaoni. Asubuhi iko sokoni, na kabla ya misa ya Jumapili iko ng'ambo, Lupiro na Mahenge. Zamani, kabla ya daraja la Magufuli kuzinduliwa mwaka 2018, umbea wa Ifakara ulisubiri kivuko cha Mto Kilombero kama abiria mwingine yeyote. Siku hizi hauhitaji hata daraja, unahitaji bando la mia tano.

Na hapo ndipo watu wa mjini wanapokosea wanaposema "si azime simu?" Azime simu ili iweje? Anayemchapa si simu. Ni jirani anayemtazama mara mbili pale bombani. Ni dada wa dukani anayemrudishia chenji kwa kuitupa juu ya meza. Dar ukichafuliwa Mbagala unaweza kuhamia Tegeta ukaanza upya. Ifakara utahamia wapi? Viwanja Sitini?

Tuje kwenye mwili wa huyo mtoto, maana watu wanadhani maneno hayaumizi mwili. Halali. Kichwa kinauma. Tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi. Hali chakula. Mama mtu, kwa nia njema kabisa, anamkimbiza kupima malaria. Na atakosaje? Ifakara na malaria ni pete na kidole. Waswisi walifungua maabara yao pale mwaka 1957, leo hii ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara, na dunia nzima inajua kazi iliyofanyika bondeni humo juu ya mbu na vyandarua. Kipimo kinasema hana malaria. Wanapima taifodi. Wanatoa panadoli. Mtoto anarudi nyumbani na ugonjwa wake ule ule, kwa sababu kila kitu kimepimwa isipokuwa swali moja: mwanangu, nani anakusumbua? Mbu tumemwekea chandarua. Huyu anayemng'ata mtoto usiku akiwa ndani ya chandarua, kupitia simu, tumemwekea nini?

Najua utetezi unaofuata: "Ah, ni utani tu, vijana wa siku hizi hawajui kutaniwa." Hapo nakataa kwa herufi kubwa. Bonde la Kilombero lina Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wangoni, na wengi waliofuata mpunga, miwa na reli. Watu wa namna hiyo wameishi pamoja kwa msaada wa utani, kwa hiyo tusiutukane utani. Utani una sheria. Mtani wako ana haki ya kukutukana na wewe una haki ya kumrudishia. Anakutukana usoni, mbele ya watu wanaojua kwamba huo ni utani. Na siku ukifiwa, mtani huyo huyo anakuja kukuhudumia msibani, anachekesha waliolia. Sasa niambie, yule aliyeweka picha ya binti wa watu kwenye stetasi na kuandika matusi, atakuja msibani? Akija, atakuja na simu, apige picha nyingine.

Kuna jambo jingine la bonde lile ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, mtu akituhumiwa uchawi Ulanga na Kilombero, alipelekwa kunyolewa. Mnyoaji mashuhuri alikuwa mwanamke aliyeitwa Bibi Kalembwana, wa Ihowanja. Mtafiti wa Kiingereza, Maia Green, aliishi Ulanga na ameandika kwa kirefu habari hizo. Msinielewe vibaya, sisemi turudi huko. Wanawake wengi, hasa wazee, walidhalilishwa kwa tuhuma zisizo na kichwa wala miguu. Lakini angalieni jambo moja. Aliyetuhumu na aliyetuhumiwa walisafiri pamoja, na aliyetuhumu naye alinyolewa. Wakirudi, neno limekwisha. Aliyenyolewa alirudi nyumbani kwake, akalima shamba lake.

Wazee wale ambao tunawacheka kwa ushirikina walielewa kwamba tuhuma lazima iwe na mwisho, na kwamba anayetuhumu lazima naye aguswe na wembe. Sisi wenye digrii na simu za tachi tumetengeneza tuhuma isiyo na mwisho, ambayo mtuhumu hata jina hana. Yule binti wa kidato cha tatu atamaliza shule, ataolewa, atapata kazi, na siku moja mtu atairusha tena ile skrinishoti, na chini yake ataandika: "Si ndiye huyu?"

Mkisema natia chumvi, kumbukeni Agosti 2024. Ilisambaa video ya binti akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume, unyama ambao sitaurudia hapa. Septemba 2024 mahakama Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Lakini kabla ya hukumu hiyo video ilikuwa imezunguka nchi nzima, mkononi kwa mkono. Waliorekodi walitaka aaibike. Nani aliwakamilishia kazi yao? Sisi. Nchi hii tumefika mahali udhalilishaji wa mtu tumeupa jina tamu, tunauita "koneksheni", na watu wazima wenye watoto wanaombana hadharani bila aibu: nitumie na mimi.

Mtaniuliza, sheria iko wapi? Ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumtesa kihisia. Adhabu yake haianzii kwenye kukanywa. Basi sheria hiyo hiyo tuliiona ikikimbia kwa miguu miwili Juni 2016, pale mkazi mmoja wa Arusha alipohukumiwa kwa kumtukana Rais kwenye Facebook. Rais ana walinzi, ana ikulu, ana msemaji. Binti wa Ifakara ana nini? Sheria inayokimbia kumlinda mwenye ngao na kuchechemea kwa asiye nayo, hiyo ina matege.

Na kuna chungu zaidi. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Yaani mtoto akichafuliwa mpaka akaona dunia haina nafasi yake, akanusurika, karatasi ya sheria inamtambua yeye kama mkosaji. Waliomsukuma wako magrupuni wanaandika "pole sana dear". Majirani zetu wamelifikiria hili. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Sisi tunangoja nini?

Hata wenye mtandao wenyewe walishakubali kwamba kufowadi kunaua. Mwaka 2018 nchini India watu waliuawa na makundi ya wananchi kwa sababu ya uvumi wa WhatsApp kwamba ni wezi wa watoto. Januari 2019 kampuni hiyo ikaweka kikomo duniani kote: ujumbe usirushwe kwa zaidi ya watu au magrupu matano kwa mara moja. Kampuni ya biashara, inayoishi kwa sisi kutumiana vitu, imeona hatari ya kidole. Wewe mwenye kidole bado unasema "tu".

Kwa hiyo sina mapendekezo ya semina hapa, na posho hamtapata. Kiongozi wa grupu, ukiona uchafu, ufute na umtoe aliyeuleta, hata kama ni shemeji yako. Mwalimu, usianze kwa kumpiga viboko aliyechafuliwa kwa kosa la kuwa na simu, anza na aliyesambaza. Mzazi, kipimo cha malaria kikisema hapana, kaa kitandani na mwanao uulize. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116, Simu ya Mtoto, haina gharama. Na wewe msomaji wangu, ikikufikia, ife kwako. Usiijibu, usiicheke, usiipeleke "ili watu wajue". Kisha mtafute anayesemwa umwambie neno moja la kibinadamu, maana siku hiyo hakuna mwingine atakayemwambia.

Tungekuwa Ihowanja, wewe uliyefowadi tu ungekaa kwenye mkeka uleule na aliyetunga, ukisubiri wembe.

Naomba kuwasilisha.