Kabla mhadhiri hajapanda ndege

Mwaka 2002 Profesa Thomas Butler wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, Marekani, alikuwa akishirikiana na madaktari wa Tanzania kutafuta tiba nafuu ya tauni, ugonjwa ulioisumbua milima ya Usambara wilayani Lushoto tangu mwaka 1980. Wagonjwa 65 waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa gentamisini, wengine doksisaiklini. Karibu wote walipona. Kwa watu wa Lushoto hiyo ilikuwa kazi ya heri, nayo ilifanywa na mtu aliyekomaa katika fani yake.

Mwaka uliofuata mtu huyo alikuwa kizimbani.

Mambo yalianza kuharibika Januari 2003, alipotoa taarifa kwamba vichupa 30 vya bakteria wa tauni havionekani katika maabara yake mjini Lubbock. Marekani ilikuwa bado na kiwewe cha barua za kimeta za mwaka 2001, na makachero wa FBI wakamiminika mjini humo. Katika kupekua, likajitokeza jambo jingine. Profesa alikuwa amewatumia wenzake wa Tanzania bakteria hao kupitia kampuni ya FedEx, bila kibali cha Wizara ya Biashara ya Marekani, na kwenye hati ya mzigo yakaandikwa maneno ya jumla tu: vifaa vya maabara. Hakukutwa na hatia ya kuwadanganya makachero, lakini Desemba 2003 alitiwa hatiani kwa makosa 47. Mengi yalihusu fedha za mikataba ya utafiti. Matatu yalihusu mzigo wa Tanzania. Hukumu ilikuwa kifungo cha miaka 2.

Wanasayansi wengi walilalamika kwamba ameonewa, akiwemo Peter Agre, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2003. Inawezekana adhabu ilikuwa kali kupita kiasi. Lakini msomaji wa Tanzania ana haki ya kuitazama kesi hii kutoka upande ule mzigo ulikotua. Mpakiaji wa uwanja wa ndege, ofisa wa forodha au dereva wa kusambaza vifurushi angesoma nini juu ya kasha lile? Angesoma vifaa vya maabara. Kama lingedondoka na kupasuka mikononi mwake, asingejua kwamba anapaswa kukimbilia hospitali. Kibali na maelezo sahihi ya mzigo ni kinga ya watu hao kabla ya kuwa kinga ya mwanasayansi.

Kesi ya pili haihusu kichupa wala kasha. Profesa J. Reece Roth wa Chuo Kikuu cha Tennessee alikuwa bingwa wa fizikia ya plazma, akishiriki mradi wa Jeshi la Anga la Marekani wa kuboresha ndege zisizo na rubani. Aliwashirikisha wanafunzi wake wawili, mmoja kutoka China na mwingine kutoka Iran, katika kazi ambayo sheria ilitaka ifichwe kwa wageni. Mwaka 2006 alisafiri kwenda China akiwa na nyaraka na kompyuta mpakato yenye taarifa za mradi huo. Ofisa wa chuo anayesimamia sheria hizo alikuwa amemwonya. Hakusikia. Mwaka 2008 alitiwa hatiani kwa makosa 18, mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 4, na baada ya rufaa kugonga mwamba akaingia gerezani mwaka 2012, mzee wa zaidi ya miaka 70.

Hapo ndipo wahadhiri wengi hupotea. Wakisikia kusafirisha bidhaa nje, wanafikiria makontena na meli. Kwa sheria ya Marekani, faili lililomo kwenye kompyuta ni bidhaa, barua pepe ni usafirishaji, na hata kumweleza mgeni teknolojia inayodhibitiwa, mkiwa mmeketi naye maabara huko huko Marekani, huhesabiwa kana kwamba umeipeleka nchini kwake. Mtanzania au Mkenya anayesoma uhandisi huko kwa viza ya mwanafunzi anaguswa na kanuni hiyo, labda awe na kibali cha ukaazi wa kudumu. Afadhali aulize mapema mradi anaotaka kujiunga nao una masharti gani. Utafiti wa kawaida unaokusudiwa kuchapishwa hadharani kwa sehemu kubwa hauna kizuizi. Balaa huanza pale mkataba unapokataza kuchapisha au kuwashirikisha wageni.

Afrika Mashariki nayo ina vyake vya kulinda. Enzaimu zilizotokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Kenya, likiwemo Bogoria, ziliishia kuuzwa ng'ambo kwa kazi ya kufifisha rangi ya jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilisimama kudai haki ya nchi. Leo sampuli inayotoka inahitaji mkataba unaotaja nani anaimiliki na faida itagawanywaje. Taarifa za watu nazo zimewekewa uzio: Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Mhadhiri anayeruka na majina, namba za simu na majibu ya vipimo vya wagonjwa kwenye flashi isiyo na nywila anahatarisha wagonjwa wale pamoja na jina la chuo chake.

Kisha kuna usalama wa msafiri mwenyewe. Matthew Hedges, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alikamatwa uwanja wa ndege wa Dubai Mei 2018 baada ya kufanya mahojiano kuhusu sera za usalama za Umoja wa Falme za Kiarabu. Novemba alihukumiwa kifungo cha maisha kwa ujasusi, na siku chache baadaye akasamehewa. Aliukana ujasusi huo. Ambalo halina ubishi ni kwamba mada inayoonekana ya kitaaluma kwenye ukumbi wa semina yaweza kuwa kosa la jinai kwenye nchi nyingine.

Kwa hiyo lawama isiishie kwa mhadhiri. Chuo kinachoidhinisha safari, kikatoa tiketi na posho bila kuuliza kilichomo kwenye begi, kimemwachia mtumishi wake mzigo usio wake. Kila chuo kikuu kinachopeleka watu nje kinahitaji ofisa anayezijua sheria hizi, mwenye nguvu ya kuzuia safari hadi vibali vikamilike, maana Tennessee onyo lilitolewa na halikuzuia kitu. Kinahitaji pia kompyuta chache za safari zisizo na data yoyote nyeti, za kuazimwa na kurudishwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya wakili mmoja Marekani.

Makamu wakuu wa vyuo wasisubiri kesi ya kwanza ya mtu wao. Waanze na fomu ya ruhusa ya safari: iongezwe swali la data, sampuli na vifaa anavyobeba msafiri, na isisainiwe kama swali hilo halijajibiwa.