Iman: Mkimbizi aliyetaja sharti lake Nairobi, na swali linalowakabili vijana wa Kakuma

Mwaka 1975 mjini Nairobi, mpiga picha wa Kimarekani Peter Beard alimwona msichana mrefu akipita barabarani, akamwomba ampige picha. Msichana huyo, Iman Abdulmajid, alikuwa mkimbizi kutoka Somalia na mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakukubali mara moja. Alitaka kwanza kujua atalipwa nini, kisha akataja sharti lake: alipiwe karo ya chuo.

Beard alikubali, na kabla ya mwaka huo kumalizika Iman alikuwa amewasili New York. Tangu wakati huo jina lake limetajwa kila inapozungumziwa historia ya wanamitindo weusi duniani. Lakini kwa wanaoishi katika nchi jirani za Somalia, Kenya na Sudan Kusini, ambako mawakala wa mitindo wangali wanatafuta sura mpya, sharti lile la karo lina uzito kuliko picha zenyewe.

Hadithi ya porini

Waandishi wa habari wa New York walioitwa kumtazama mgeni huyo walikuwa wamesimuliwa kisa cha kuvutia. Beard alidai kwamba alimvumbua porini nchini Kenya akichunga mifugo, na kwamba hakujua Kiingereza.

Ukweli ulikuwa mwingine kabisa. Iman alizaliwa Mogadishu mwaka 1955. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia aliyewahi kuiwakilisha Somalia nchini Saudi Arabia, na mama yake alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Binti huyo alisoma katika shule ya bweni nchini Misri, na alizungumza Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Jeshi chini ya Siad Barre lilipotwaa madaraka mwezi Oktoba mwaka 1969, maisha ya familia kama yake yalibadilika, na hatimaye wakakimbilia Kenya.

Yafaa kujiuliza kwa nini uongo huo ulihitajika, ilhali uzuri wa msichana ulionekana kwa macho. Soko la wakati huo lilitaka Afrika isiyo na shule, isiyo na mabalozi wala siasa. Mchunga mbuzi huvumbuliwa, na sifa zote humwendea aliyemvumbua. Mwanafunzi wa chuo kikuu huulizwa maoni yake, naye huuliza malipo yake. Kwa kisa kimoja cha kubuni, mapinduzi ya Somalia, ukimbizi wa familia nzima na yale mapatano ya barabarani Nairobi vilifutwa vyote. Iman aliukanusha uongo huo, ila ulikuwa umekwisha kumtangulia, na kwa miaka mingi aliendelea kuulizwa habari za mbuzi asiowahi kuwachunga.

Hakuwa wa kwanza

Iman hakuufungua mlango huo peke yake. Donyale Luna alikuwa ameonekana kwenye jalada la jarida la Vogue la Uingereza mwezi Machi mwaka 1966. Naomi Sims alipamba jalada la Ladies' Home Journal mwaka 1968. Mwezi Agosti mwaka 1974, Beverly Johnson akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwekwa kwenye jalada la Vogue la Marekani.

Hata hivyo, mlango ulifunguliwa kwa nafasi ya mtu mmoja tu. Alipofika Iman, vyombo vya habari vilimpambanisha na Johnson, kana kwamba wanawake wawili weusi hawawezi kusimama kwenye jukwaa moja. Baadhi ya Wamarekani weusi nao walihoji kwa nini mgeni apewe sifa za kupindukia, na wakashuku kwamba sura yake ilipendwa kwa kuwa ilidhaniwa kukaribia vigezo vya wazungu. Hoja hiyo haikuwa wivu mtupu. Ilionyesha jinsi tasnia inavyoweza kumsifu Mwafrika mmoja ili isilazimike kuwaajiri wengi.

Iman amesimulia kwamba alipogundua wanamitindo weusi wanalipwa pungufu kuliko wenzao weupe kwa kazi ileile, alikataa kufanya kazi kwa malipo hayo. Msimamo huo haukuizima nyota yake. Mbunifu maarufu wa Paris, Yves Saint Laurent, alikuwa miongoni mwa waliomtumia sana, na alibuni mkusanyiko wa mavazi uliomwenzi kama malkia wa Kiafrika.

Krimu ya kijivu

Katika kazi zake za mwanzo kwa Vogue, mwaka 1976, mpambaji alimuuliza Iman iwapo amekuja na krimu yake ya usoni, kwa kuwa hakuwa nayo inayoilingana ngozi yake. Mpambaji huyo alipochanganya alizokuwa nazo, uso ulitoka na rangi ya kijivu. Baada ya hapo Iman alianza kununua vipodozi madukani na kujichanganyia mwenyewe, akavichukua kila alikokwenda kazini.

Kutokana na adha hiyo ilizaliwa biashara. Baada ya kustaafu uanamitindo mwaka 1989, alianzisha mwaka 1994 kampuni ya vipodozi ya Iman Cosmetics. Hapa pia palikuwa na waliomtangulia, hasa Fashion Fair, iliyoasisiwa na Eunice Johnson wa Chicago mwaka 1973. Lakini Iman alipanua walengwa, akawahudumia wanawake wenye ngozi za rangi mbalimbali, wakiwemo Waafrika, Waasia na wenye asili ya Amerika Kusini. Kampuni ya mwimbaji Rihanna ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 za krimu, ulimwengu ulishangilia kana kwamba jambo hilo limeanza siku hiyo. Tayari ilikuwa imepita miaka 23.

Mwaka 2013, Iman aliungana na wanamitindo wenzake Bethann Hardison na Naomi Campbell kuviandikia barua vyombo vinavyosimamia maonyesho ya mitindo ya New York, London, Milan na Paris. Barua hizo ziliwataja kwa majina wabunifu waliotumia mwanamitindo mmoja tu asiye mzungu, au wasiotumia hata mmoja. Waandishi wake walisema kwamba matokeo ya mwenendo huo ni ya kibaguzi, hata kama nia haikuwa hiyo. Kilichowapa ujasiri ni kwamba wote watatu hawakutegemea tena kuitwa kazini na waliokuwa wakiwakosoa.

Kutoka Nairobi hadi Kakuma

Miaka imepita, na macho ya mawakala wa mitindo yameelekea kaskazini magharibi mwa Kenya. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 katika eneo la Turkana, inawahifadhi watu waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko.

Huko ndiko alikozaliwa Halima Aden mwaka 1997, kwa wazazi wa Kisomali, kabla ya familia yake kuhamia Marekani. Alipopata umaarufu, mkataba wake ulilinda haki yake ya kuvaa hijabu. Hata hivyo, mwezi Novemba mwaka 2020 alitangaza kuyaacha majukwaa, akisema kazi hiyo ilikuwa ikimsogeza mbali na imani yake hatua kwa hatua. Sharti lililoandikwa lilimsaidia, lakini halikutosha mahali ambapo kila anayemzunguka anataka kulilegeza.

Kwa wengine mambo yamekuwa magumu zaidi. Mwaka 2023, gazeti la Sunday Times la Uingereza liliripoti kuhusu vijana waliochukuliwa Kakuma kwenda Ulaya kufanya kazi ya uanamitindo, na baadhi yao wakarejeshwa kambini wakiwa na madeni ya maelfu ya euro kwa mawakala. Utaratibu wenyewe ni wa kawaida katika tasnia hiyo. Wakala hulipia viza, tiketi ya ndege, malazi na picha za majaribio, kisha hukata gharama hizo kwenye mapato ya mwanamitindo. Kazi zikipatikana, deni hulipika. Zisipopatikana, anayerudi na hesabu hiyo ni kijana ambaye hakuwa na chochote tangu mwanzo.

Ni rahisi kuwaambia vijana hao wafanye kama Iman, lakini ushauri huo haukamiliki. Iman alikuwa mkimbizi mwenye elimu, lugha tano na familia iliyozoea mazungumzo ya kidiplomasia. Angeweza kusema hapana na kuendelea na masomo yake. Kijana wa Kakuma anayesubiri mgao wa chakula hana nafasi kama hiyo, na mkataba anaowekewa mbele huenda umeandikwa kwa lugha asiyoimudu.

Kwa hiyo, kile ambacho Iman alikifanya kwa nguvu ya malezi yake, wengine wanahitaji kufanyiwa na sheria na taasisi: mkataba unaofasiriwa kwa Kisomali, Kiarabu au Kiswahili kabla ya kutiwa saini, kikomo cha deni analoweza kubebeshwa mtu ambaye bado hajapata kazi, na mwanasheria asiyelipwa na wakala. Wenye wajibu huo ni serikali ya Kenya, mashirika yanayohudumia wakimbizi na nchi za Ulaya zinazotoa viza hizo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kijana wa kambini, mali hiyo ni sura yake, na hadi sasa daftari limo mikononi mwa wakala.