Mashine za umeme ziwani: fedha iko kwenye betri

Wenye mitaji midogo wa Shinyanga, Kahama na Geita wana mazoea ya siku nyingi. Fedha ikipatikana kwenye dhahabu, sehemu yake hupelekwa ziwani kununua mtumbwi, nyavu na mashine. Sasa wanaelezwa kuwa zipo mashine nyepesi za umeme zisizohitaji petroli hata tone. Habari hizo ni za kweli, ila hesabu yake haijakamilika.

Tuchukue mfano mmoja. Kampuni ya Torqeedo ya Ujerumani, ambayo Yamaha iliinunua mwaka 2024, ilitoa toleo la Travel 1103 lenye uzito wa kilo 17 hivi pamoja na betri yake. Mashine ya petroli ya nguvu za farasi 15 huzidi kilo 30. Hiyo nyepesi mvuvi anaweza kuibeba hadi nyumbani kila asubuhi, na hilo si jambo dogo palipo na wizi wa mashine.

Lakini nguvu yake ni wati 1,100, ambazo watengenezaji wanazilinganisha na farasi 3. Betri ina wati-saa 915. Ukifungulia mwendo wote, inakwisha kabla ya saa moja. Kuijaza kunahitaji takriban uniti moja ya TANESCO, gharama ndogo sana mbele ya bei ya lita ya petroli inayotangazwa na EWURA kila mwezi. Hata hivyo, lita hiyo ina nishati ya uniti 9 hivi. Mashine ya petroli hupoteza sehemu kubwa kwa joto, lakini kinachobaki bado kinaishinda betri hiyo moja.

Kwa mantiki hiyo, anayefuata sangara mbali au kupeleka mizigo visiwani asidanganyike. Upepo wa Ziwa Victoria ukibadilika usiku, betri tupu ni hatari kwa maisha. Mashine hizi zinafaa safari fupi ndani ya ghuba na uvuvi wa karibu na mwalo.

Hapo ndipo dagaa wanapoingia. Wavuvi wa dagaa walikuwa wakitumia karabai za mafuta ya taa, na wengi wamekwishahamia taa za betri na za jua. Kuchaji si jambo geni kwao. Aidha, katika ufukwe wa Kenya wa ziwa hilohilo, kampuni ya Asobo ilianza kuwakodishia wavuvi mashine za umeme katika miaka hii ya 2020, badala ya kuwauzia. Somo kwa mwekezaji wetu liko hapo: mvuvi hana mtaji wa kununua betri, lakini fedha ya petroli huitoa kila anapotoka.

Yapo mambo mawili ya kupima kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi hupumzika. Betri hazitaingiza kitu siku hizo. Kituo cha kuchaji kisitegemee mitumbwi peke yake. Kiwe pia na wateja wa taa, simu na majokofu.

Pili, mgawo. Katika mialo mingi gharama ya mafuta huondolewa kwanza, ndipo tajiri na wavuvi wagawane kinachobaki. Tajiri akinunua mashine ya umeme kwa fedha yake, nafuu ya mafuta inagawanywa kwa wote wakati deni linabaki kwake peke yake. Mpango huo hautadumu. Afadhali kodi ya betri iondolewe kabla ya mgawo, kama ilivyokuwa kwa petroli, na makubaliano yaandikwe kabla mtumbwi haujaingia majini.

Ushauri wetu ni huu: usiuze mashine yako ya petroli. Tafuta mwalo wenye umeme wa uhakika, mitumbwi mingi na safari fupi. Anza na betri chache za kukodisha, muuzaji akiwa ametoa dhamana ya maandishi, kwani fundi wa petroli hapungui mwaloni lakini wa umeme ni wa kutafutwa. Hesabu usiku wa giza wa miezi mitatu. Zikilipa, ongeza.

Mwenye karasha anajua tofauti ya dizeli na umeme. Anajua pia kuwa umeme wa bei nafuu haumsaidii kitu kama mawe hayana dhahabu.