Mwendo wa kundi ni wa aliye nyuma

Mvua za Machi na Aprili zikikolea, njia za porini huku Kirushya, wilayani Ngara, huwa tope tupu. Tunaokwenda vigangoni kwa pikipiki husafiri kwa kundi, lakini mara huanza mashindano: hodari hutokomea mbele, dhaifu hubaki akisukuma peke yake. Kwa maoni yangu, hiyo si safari ya Kanisa.

Mzoefu mmoja aongoze taratibu, mwingine awe wa mwisho, wageni wa utelezi wakae katikati. Mteremkoni tutumie gia ndogo, tusikamate breki ya mbele kwa ghafla. Kijito kikifurika, tusubiri wote.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, chasimulia jinsi Yakobo alivyomwomba Esau atangulie, ili yeye afuate polepole kwa mwendo wa mifugo na watoto. Hakuona aibu kuchelewa. Frateri anayerudi leo kuinua pikipiki ya mwenzake topeni, kesho atajua kumngojea muumini anayesuasua. Waamini watatusamehe tukichelewa. Tukifika tumepungua mmoja, tutawaambia nini?