Mwanafunzi anayekosea koma ana sarufi yake

Kila muhula unapokaribia kwisha, walimu wa Kiingereza katika Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 hutenga juma moja au mawili ya kudurusu sarufi, uakifishaji na uandishi wa sentensi. Jambo hilo ni jema, na sitaki nieleweke kwamba napinga marudio. Ninachokipinga ni namna yanavyofanywa. Aghalabu mwalimu huingia darasani na kitabu cha kudurusia kilichojaa sentensi zenye mapengo, na chini ya kila pengo majibu manne. Wanafunzi huchagua A, B, C au D hadi kengele ilie. Kisha husahihishiana, alama zikahesabiwa, na kila mtu akaondoka akiamini kwamba sarufi imedurusiwa. Juma linalofuata, mwanafunzi yule yule aliyepata 18 kati ya 20 huandika insha ya ukurasa mzima ambayo nukta zake mbili hazikukaa mahali pake.

Mazoea haya tumeyarithi. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho 2023, katika miaka yake ya mwisho ulipima Kiingereza kwa maswali 50 ya kuchagua, na insha ikatengewa dakika 40 pembeni. Mtihani wenyewe umeondoka. Vitabu vyake na tabia zake zimebaki madarasani. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilifanya tathmini ya KJSEA mwaka 2025, na mtaala huo umejengwa juu ya kile ambacho mwanafunzi aweza kukitenda. Kuandika herufi moja ndani ya mabano hakumfundishi mtu kuunda sentensi.

Hebu tulitazame kosa moja tu, lile linalowakera walimu wa Kiingereza kuliko mengine: koma inayotumiwa mahali pa nukta. Mwanafunzi huandika hivi: “Juma arrived home, he removed his shoes, he drank water, he slept.” Mwalimu hupiga mistari mitatu ya kalamu nyekundu, akaandika pembeni kwamba uakifishaji ni mbovu, akapita. Mwanafunzi hulitazama daftari lake asijue dhambi yake iko wapi.

Sasa tuichukue habari hiyo hiyo kwa Kiswahili: “Juma alifika nyumbani, akavua viatu, akanywa maji, akalala.” Hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayeikata sentensi hii. Ni safi, ina mwendo mzuri, na koma zake tatu zimekaa panapostahili. Tofauti iko wapi? Iko katika kiambishi kidogo cha -ka-. Kitenzi chenye -ka- hakijisimamii chenyewe katika masimulizi. Hukiegemea kitenzi kilichotangulia, kikaazima wakati wake, na ndani yake mna maana ya “na kisha”. Yaani kiunganishi kimo ndani ya kitenzi, na koma haina kazi kubwa ya kufanya. Kiingereza hakina kiambishi cha aina hiyo. Kila kimoja cha vishazi vile vinne vya Kiingereza ni kishazi huru, na huwezi kuvifunga pamoja kwa koma peke yake. Utahitaji kiunganishi, au nukta-mkato, au uweke nukta uanze upya. Kikuyu na Kikamba nazo zina viambishi vya masimulizi vinavyofanya kazi inayofanana na hiyo, kwa hivyo mtoto aliyelelewa Nyeri au Machakos huja shuleni na kanuni hii akiwa amekwisha kuimiliki kabla ya kuijua alfabeti.

Kwa maneno mengine, mwanafunzi huyu hakuandika ovyo. Alifuata kanuni, isipokuwa kanuni yenyewe ni ya nyumba nyingine.

Nasi tunamjibuje? Tunampa kanuni mbili zilizochakaa. Ya kwanza ni kwamba nukta huwekwa wazo linapokwisha. Lakini wazo lake halijakwisha! Juma bado hajalala. Ya pili ni kwamba koma huwekwa mahali pa kupumua. Kwa kanuni hiyo mtoto aliyetoka kukimbia mbio atahitaji koma nyingi kuliko aliyekuwa ameketi kivulini. (Waliotuletea jina la kipumuo walitupa neno zuri na kanuni mbovu.) Koma na nukta zinatawaliwa na mipaka ya vishazi, na asiyeweza kukitambua kishazi huru hatajua pa kuziweka hata akariri orodha nzima ya matumizi yake.

Mfano wa pili ni ule wa kirejeshi. Wengi wetu tumekutana na sentensi hii: “The book which I bought it is lost.” Hiyo “it” ya katikati si ya bure. Kiswahili husema “Kitabu ambacho nilikinunua kimepotea”, na ile -ki- ndani ya kitenzi hurejelea kitabu bila kumuudhi mtu yeyote. Mwanafunzi ametafsiri kwa uaminifu kile ambacho sarufi yake inamruhusu. Ukimwambia tu kwamba amekosea, utakuwa umemnyima maelezo ambayo angeyaelewa kwa dakika mbili: Kiingereza kikishaweka “which”, hakitaki nafasi ile ijazwe mara ya pili.

Wapo wenzangu watakaonionya hapa, na wana haki. Si kila kosa la Kiingereza linatokana na lugha ya kwanza. Watoto waliozaliwa London, wasiojua hata neno moja la Kiswahili, hukosea koma hiyo hiyo, kwa sababu mazungumzo hayana koma na kila mtoto hulazimika kujifunza maandishi upya. S. P. Corder, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu makosa ya wanagenzi, alitufundisha kuyatazama makosa kama ushahidi wa mfumo ambao mwanafunzi amekwisha kuujenga kichwani, uwe umetoka katika lugha yake ya kwanza au la. Nakubali. Hata hivyo, mwalimu wa Kenya ana chombo ambacho mwalimu wa London hana. Wanafunzi wake wana lugha mbili au tatu za kulinganisha, na mojawapo inafundishwa rasmi katika chumba hicho hicho, pengine saa moja kabla yake.

Turudi kwenye marudio. Utafiti kuhusu jambo hili si wa jana. Mwaka 1963 huko Marekani, Braddock na wenzake walikagua tafiti zilizokuwapo na kufikia uamuzi kwamba kufundisha sarufi kwa kuitenga na uandishi hakuwasaidii wanafunzi kuandika vizuri. Miaka 10 baadaye, Frank O’Hare alichapisha matokeo ya kazi yake na wanafunzi wa darasa la saba, umri ule ule wa wanafunzi wetu wa sekondari msingi. Wale waliopewa mazoezi ya kuunganisha sentensi fupi kuwa ndefu waliandika vizuri zaidi kuliko wenzao, bila ya kumeza istilahi chungu nzima. Zoezi lenyewe halihitaji kitabu. Linahitaji chaki na ubao.

Mwalimu aandike ubaoni: “Mvua ilinyesha. Mto ulifurika. Daraja lilisombwa. Wanafunzi hawakufika shuleni.” Awaambie wanafunzi wazifanye ziwe sentensi mbili, kisha moja, kwanza kwa Kiswahili. Watakuja na “kwa sababu”, “hata”, “hivyo”, na kwa hakika watakuja na -ka-. Kisha wafanye hivyo kwa Kiingereza. Pale ambapo -ka- ilikuwa, watatafuta kitu cha kushika nafasi yake, na katika kutafuta huko ndiko watakakojifunza. Wataona pia kwamba “Because the bridge had been swept away, the pupils did not reach school” inadai koma, na kwamba kishazi kile kikihamishiwa mwisho wa sentensi, koma hutoweka. Mwanafunzi aliyeihamisha mwenyewe kwa mkono wake mara tano hahitaji kuambiwa.

Baada ya hapo waulizwe tofauti ya sentensi hizi mbili: “Wanafunzi ambao walichelewa waliadhibiwa” na “Wanafunzi, ambao walichelewa, waliadhibiwa.” Katika ya kwanza, waliofika mapema wamenusurika, katika ya pili darasa zima limechapwa. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinakubaliana kabisa, na mtoto wa miaka 13 huelewa upesi mambo yanayohusu adhabu.

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 atauliza atasahihisha saa ngapi. Simwambii asahihishe insha 60. Achague sentensi sita kutoka katika madaftari yao, aziandike ubaoni bila kutaja majina, na darasa lizikarabati pamoja. Kazi ya dakika 35.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni hofu. Zipo shule ambazo bado humwaibisha mtoto anayesikika akisema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili. Kibao cha aibu ambacho Ngũgĩ wa Thiong’o alikisimulia katika Decolonising the Mind mwaka 1986 kimebadilika sura tu. Katika mazingira hayo mwalimu wa Kiingereza anayeandika sentensi ya Kiswahili ubaoni ataonekana amepotoka. Ajabu ni kwamba Katiba ya 2010 imezifanya lugha hizi mbili kuwa rasmi pamoja, ilhali katika shule nyingi walimu wake huketi meza zinazopakana na hawajapata kuulizana mwanafunzi fulani anaandikaje upande wa pili.

Nani anaumia? Si mwalimu. Mwanafunzi huyu ataingia Gredi ya 10, na huko historia, jiografia na biolojia huandikwa kwa Kiingereza. Atajua jinsi damu inavyozunguka mwilini, lakini ataieleza katika sentensi moja ya mistari tisa ambayo msahihishaji hataweza kujua kipi kinasukuma kipi. Atapoteza alama za biolojia kwa kosa la nukta. Wanaofika chuo kikuu hufika nalo. Hukutana nalo kila mwaka katika karatasi za mwaka wa kwanza, kwa vijana werevu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwa nini.

Kabla ya marudio ya muhula huu, basi, ningependa walimu wawili wa shule moja, wa Kiingereza na wa Kiswahili, watenge alasiri moja. Wachukue wanafunzi watano wa Gredi ya 8, na kwa kila mmoja waweke insha yake ya Kiswahili na ya Kiingereza sambamba mezani. Wapigie mstari kila kitenzi chenye -ka- upande mmoja na kila koma iliyokosewa upande wa pili, kisha wahesabu.